Kichaa Mmoja Anatosha

Watu wa kwetu huruma yao haimalizi wiki mbili. Mtu akirudi kutoka machimboni akili imechanganyikiwa, wiki ya kwanza uwanja unajaa: huyu kaleta kuku, yule unga, mwingine maombi marefu yasiyokwisha. Wiki ya pili wanapita njia ya juu, ile ya kwenye mihogo, ili wasilazimike kutusalimia. Nawajua wote, na sitawataja, kwa sababu hawastahili wino wangu.

Aliyerudi alikuwa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa akichimba dhahabu kwenye maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Bugarama, mashimo yale ambayo mtu anaingia asubuhi na kutoka jioni mweupe kwa vumbi. Wenzake walimleta kwa pikipiki, wamembana katikati asiruke, wakamshusha, wakasema ameanza kuzungumza na mawe. Hata maji hawakunywa. Waliondoka upesi, na hakuna aliyerudi kumwulizia.

Nyumbani kwetu ni Ushetu, kwenye tumbaku. Wazazi wetu walifariki tungali wadogo, tukalelewa na shangazi, dada yake baba, ambaye kwa Kisukuma tunamwita sengi. Ndoa yake ilivunjika kwa sababu hakuzaa, akarudi kwenye boma la kaka zake, akatukuta sisi wawili hatuna mtu. Wakati mdogo wangu anaugua mimi nilikuwa fundi cherehani Ushirombo. Nilifunga kibanda changu, nikarudi kusaidia, nikakuta msaada unaotakiwa ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Mkuu wa boma alikuwa baba mkubwa. Huyu Jumapili anasimama kanisani kusoma somo la kwanza, sauti imekolea, koti limenyooshwa pasi. Katikati ya wiki anaulizia ni mfumu gani, yaani mganga gani wa kienyeji, anayeagua vizuri siku hizi. Sina ugomvi na kanisa wala na wafumu. Ugomvi wangu ni na mtu anayetumia vyote viwili kukwepa kazi moja.

Mwezi ule wa kwanza shangazi alimlinda mdogo wangu kama anavyolindwa mtoto anayeanza kutambaa karibu na jiko. Alikuwa na sababu. Mchana mmoja alimkuta ndani ya bani, ile nyumba ya udongo tunamokaushia tumbaku kwa moto, amekaa chini, kamba iko mapajani. Shangazi hakupiga kelele. Alikaa naye, akamwuliza habari za machimboni, walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anawapikia, mpaka mwenyewe akampa ile kamba. Kesho yake baba mkubwa alikodi gari tukampeleka mjini Kahama, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Nilitaka kumshukuru, lakini njiani nilimsikia akimwambia dereva kwamba mtu akifia kwenye bani, vibarua hawaingii tena.

Dawa zilimkubali mdogo wangu. Sindano kila mwezi, vidonge jioni, na msimu uliofuata alikuwa anashika plau nyuma ya maksai. Alinenepa kidogo, mikono ikawa inatetemeka anapokunywa chai, lakini alikuwa yeye. Wale wa njia ya mihogo wakaanza kupita tena uwanjani, meno nje, wanasema walijua tu kwamba Mungu hamtupi mja wake. Nilikuwa nawatazama kwa macho makavu na kuwaambia mwenyewe yuko shambani, wamfuate huko wakamsalimie. Hawakwenda.

Aliyeugua alikuwa amepona. Aliyemwuguza ndiye aliyeanza kuugua, na hatukuona, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwa yule wa kwanza.

Shangazi alianza na kamba. Zile nyuzi za kufungia majani ya tumbaku kwenye fito alizikusanya zote, akazificha. Tukacheka, tukanunua nyingine. Akazificha nazo. Kisha zikapotea kamba za ng'ombe, ndama wakanyonya maziwa yote na maksai wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Kisha visu. Ilifika mahali nikawa nakata nyanya kwa mkasi wangu wa cherehani, na mkasi wenyewe nalala nao chini ya mto, kwa maana ningeuacha mezani nisingeuona tena. Ndoo ya kisimani ilibaki bila kamba, tukawa tunaomba maji kwa watu ambao tulikuwa hatuombani hata chumvi.

Ukimwuliza anajibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto mwenyewe yuko mbele yake anapiga mluzi, anaswaga ng'ombe. Alikuwa hali mpaka amwone mdogo wangu amemaliza kula. Alikonda, kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili, macho yakawa mekundu kwa kukosa usingizi. Macho mekundu kwa mwanamke mzee, katika sehemu zetu, si jambo la kuchezea; mwenye nayo huitwa mchawi. Nilishaanza kusikia wanawake wa kisimani wakinyamaza nikifika.

Mdogo wangu ndiye aliyejua. Tulikuwa tunapanga majani ya tumbaku kwa madaraja, shangazi ameketi mlangoni mwa bani, akainua kichwa ghafla kuelekea ndani, ambako hakukuwa na mtu. Mdogo wangu aliacha majani.

"Dada," akasema, "shangazi anasikia sauti. Tazama anavyogeuza shingo. Mimi nilikuwa hivyohivyo."

Nilimwuliza shangazi amesikia nini. Akanijibu, bila kuficha, kwamba mtoto anamwita kutoka bani. Mtoto alikuwa ameketi kati yetu, ameshika jani.

Nilikwenda kwa baba mkubwa jioni ileile. Nilimweleza kwamba siku ya kliniki ya mdogo wangu nitakwenda na shangazi pia, waonwe wote wawili. Alinisikiliza huku anachokoa meno. Akasema tusiwe na haraka, mambo ya wazee yana njia yake. Nikajua anapiga chenga, lakini sikujua anakwepa nini.

Baada ya siku chache alikuja na mfumu. Mfumu akaagua kwa kuku, akamtazama shangazi, akasema huyu mama haumwi, ameitwa. Masamva, yaani mizimu ya ukoo, wamemchagua, na wanaudhika kwa sababu hawajapewa mahali. Sitamsema vibaya yule mfumu. Alikuta jambo limeshaamuliwa na mwenye kumlipa. Shangazi akavishwa shanga nyeupe shingoni na mikononi. Akajengewa kibanda cha nyasi nyuma ya zizi, peke yake, kama wanavyojengewa walioitwa, na akaamriwa alale humo.

Hapo ndipo tulipomharibu kabisa. Mwanamke ambaye hawezi kufumba macho bila kusikia pumzi za mtoto upande wa pili wa ukuta, tumemwondoa ukutani, tumempeleka nyuma ya ng'ombe, kisha tumempongeza. Watu waliokuwa wakinyamaza kisimani walianza kumpigia magoti. Walimletea unga wa mtama na kumwomba awaombee mvua, watoto, bei nzuri ya tumbaku. Naye anawatazama, hajui wanasema nini, anauliza kama wamemwona mtoto. Na wao wanaondoka wanaambiana kwamba hilo ni fumbo.

Nilimwambia mama mmoja kwamba hakuna fumbo, ni mgonjwa. Alinitazama kwa huruma, akanishauri nisishindane na masamva, naweza kukosa mume. Nikamwambia mume nilishampata na nilishamwacha.

Sababu ya baba mkubwa niliijua posa ilipokuja. Alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, na kijana mmoja wa Bukombe, wa familia ya Wakatoliki wenye ng'ombe wengi, alimtaka. Kwetu posa haiji hivihivi. Kwanza wanatumwa watu kuuchunguza ukoo: mna kifafa, mna ukoma, mna wazimu? Safari hii alikuja mama wa kijana mwenyewe. Mwanamke mnene, kitenge cha nta, rozari kubwa shingoni, anatembea anakagua boma letu kama ananunua yeye. Aliniuliza maswali na huku anatazama miguu yangu. Kuhusu mdogo wangu aliuliza wazi: ule ugonjwa ulikuwa wa machimboni au wa damu?

Baba mkubwa alijibu kabla sijafungua mdomo. Akasema ni wa machimboni, vijana wanapakwa madawa ya kutafuta dhahabu, yakiwazidi yanawarukia kichwani. Yule mama akakubali, akasema hata kwao wamesikia. Kisha akanyoosha kidole nyuma ya zizi, akauliza yule bibi je. "Masamva," baba mkubwa akasema, na akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima. Mama wa kijana naye akainamisha chake, pamoja na rozari yake.

Kumbe shanga zile zilikuwa pazia. Walikuwa wameuvalisha ugonjwa wa shangazi ili usionekane.

Siku ya kupanga mahari ya ng'ombe iliangukia siku ya kliniki. Asubuhi nilimkuta baba mkubwa anajifunga saa, nikamwambia naondoka na wagonjwa wangu wawili. Alifunga mlango. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi.

"Kichaa mmoja anatosha," alisema. "Mmoja ni mkosi wa machimbo, watu wanaelewa. Wawili ni damu. Ukimpandisha shangazi yako kwenye gari la kliniki leo, wageni wakiwa njiani, unataka binti yangu azeekee wapi?"

"Na shangazi azeekee wapi?"

"Ameshazeeka," akasema.

Niliapa siku ile, na sijakitengua kiapo, kwamba sitamwamkia tena mtu yule. Mpaka leo tukikutana nampita. Nimeambiwa ni utovu wa adabu, mtu mzima anaamkiwa hata kama ni mchawi. Basi wamwamkie wao.

Wageni walifika mapema, wakaketishwa kivulini, wakapewa soda. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi nambembeleza shangazi avae viatu. Hakutaka kuondoka kwa sababu mtoto atabaki. Ndipo mdogo wangu alipotokea, ameshaoga, amevaa shati nililomshonea, akamshika mkono. Alimwambia wanakwenda wote. Akamwongoza, lakini hakupita njia ya nyuma. Alipita naye katikati ya uwanja, mbele ya wageni, kwa sababu, aliniambia baadaye, ndiyo njia ya kwenda barabarani.

Baba mkubwa alisimama. Mdogo wangu aliwaamkia wageni mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kwa unyenyekevu kabisa, wakaitikia marahaba. Kisha akasema, na mikono yake inatetemeka kama kawaida:

"Mniwie radhi, sitakaa. Mimi ndiye yule aliyeugua kichaa. Dawa natumia, naendelea vizuri. Huyu ni shangazi yangu, aliniuguza mpaka na yeye akaugua. Tunakwenda kliniki."

Mama wa kijana aliweka chupa ya soda chini taratibu, ikiwa bado imejaa, akavuta kitenge chake upande wake, kana kwamba shangazi akipita atakigusa. Nilimwona. Nilikuwa nyuma yao na mfuko wa nguo, na nilimwangalia mpaka akaangalia pembeni. Tulipofika barabarani kusubiri gari, wageni walikuwa wameshaanza kupakia watu wao. Ng'ombe hawakutajwa.

Kliniki tulikaa sana. Tabibu alikuwa kijana, mchovu, meza imejaa mafaili. Alianza kumwuliza mdogo wangu maswali yake ya kila mwezi. Mdogo wangu akamwambia leo amwulize huyu. Tabibu akamgeukia shangazi, akazitazama zile shanga, hakusema lolote juu yake. Akamwuliza tu analalaje.

Shangazi alikaa kimya nikadhani hakuelewa Kiswahili chake. Nikataka kumsaidia, mdogo wangu akanikanyaga mguu. Kisha shangazi akasema kwa Kisukuma, na mimi nikatafsiri, kwamba halali kwa sababu akilala mtoto atachukua kamba. Kwamba mtoto anamwita mchana kutwa. Kwamba amechoka. Alirudia hilo la kuchoka mpaka sikuwa na haja ya kutafsiri. Mdogo wangu alilia, mbele ya tabibu, mtu mzima mwenye ndevu. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza soda ile iliyoachwa, na lawama zake angemwagiwa nani.

Shangazi alipewa vidonge, na tarehe yake mwenyewe ya kurudi. Nyumbani hatukurudi, nilijua tungekuta nini. Nilikwenda nao Ushirombo, kwenye chumba changu nyuma ya kibanda, tukabanana humo na cherehani. Mdogo wangu alipata kazi ya kubeba magunia sokoni. Shangazi alilala kwa mara ya kwanza mchana, juu ya vipande vya nguo za wateja, nikashona kwa mkono ili mashine isimwamshe. Sauti hazikuondoka upesi. Zilipungua, zikarudi, dawa ikabadilishwa, zikapungua tena. Zipo siku anainua kichwa hata sasa. Anamwangalia mdogo wangu, anaona yupo, anaendelea kuchambua mchele.

Kijijini sisi ndio wabaya. Posa ilivunjika na kosa ni letu. Binti wa baba mkubwa alinitumia ujumbe wa sauti mrefu wenye matusi ambayo sikujua anayajua. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu katika wote yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kunitukana. Baadaye aliolewa na dereva wa lori. Baba mkubwa anasema kanisani kwamba ametusamehe. Kibanda cha nyasi kimebomoka, na nimeambiwa anatafuta mwingine wa kuitwa, maana watu walishazoea kuleta unga.

Mwaka jana, siku ya kliniki, tulikuwa kwenye benchi tunasubiri, mimi na shangazi, nikamwona mwanamke anaingia getini amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Amemshika mkono kijana mrefu anayetembea anacheka peke yake. Sikuhitaji kuuona uso. Ile rozari niliijua.

Alikuwa amepungua. Kitenge cha nta hakipo. Alituona akasita, akatafuta benchi jingine, na jingine halikuwepo. Kijana hakuwa yule mwoaji. Alikuwa mdogo wake, nilikuja kusikia, na alikuwa ameugua tangu zamani. Tangu kabla ya soda. Mama yule alikuja kutuchunguza damu yetu huku kwake amemfungia mtu ndani.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamepangika. Nilitaka kumwamkia kwa sauti itakayosikika mpaka dirisha la dawa, kisha nimwulize, mbele ya benchi zima, kama huu wa kwake ni wa machimboni au wa damu. Nilishavuta pumzi.

"Mwangaluka," shangazi akamsalimu, kama wanavyosalimiana wanawake asubuhi wakikutana njia ya shamba. Yule mama akaitikia kwa sauti ndogo. Shangazi akamtazama machoni, akayaona mekundu, akaitazama mikono yake ilivyomng'ang'ania yule kijana, kiganja kimelowa jasho.

"Tangu lini hujalala?" akamwuliza.

Ile khanga ikateleza kutoka kwenye nyusi na yule mama hakuirudisha.

"Ukiingia mle," shangazi akamwambia, "usimseme mtoto peke yake. Jiseme na wewe. Usipojisema, watakuandikia dawa zake tu na utarudi nyumbani."

Kisha akanigonga paja kwa kiganja, nisogee. Pale nilipokuwa nimekaa palitosha mtu mmoja zaidi iwapo ningetaka. Sikutaka. Nilikuwa na hasira na yule mwanamke, ninayo mpaka hivi ninavyoandika, na maneno yangu yote nilikuwa bado nimeyashika mdomoni. Shangazi akanigonga tena.

Nikasogea.